Mtapiga Nini?

Mbuzi walikuwa wamekula matangazo yote ya onyesho la jazi. Tunu aliyabandika asubuhi kwa uji wa muhogo, ila alisahau kuutia mwarobaini uwe mchungu, na mbuzi wa mji ule hawafungwi. Ikabidi azunguke sokoni na Mbaruku, mpuliza saksafoni, akinadi kwa mdomo. Mwenye ukumbi alishasema: viti vikibaki vitupu jioni hii, kesho anaugeuza ghala la saruji yake.

Wakafika kwa Bi Mgeni, mshona nguo, aliyezungukwa na wanawake wanaongoja magauni.

"Mtapiga nyimbo gani?" aliuliza, mguu ukizidi kukanyaga cherehani.

"Bado hatujui, mama," Tunu akajibu. "Zitazaliwa palepale."

"Makubwa! Nilipe kiingilio, na mpigaji hajui anachopiga? Mkishajua, mniite."

Wanawake wakacheka. Mbaruku, ambaye hakutulia tangu asubuhi, akaweka saksafoni mdomoni na kuufuata mlio wa cherehani.

Bi Mgeni akakaza mwendo ili amwangushe. Saksafoni nayo ikakaza. Akapunguza, ikalegea, ikachepuka pembeni, ikarudi. Kitambaa kilishapita chini ya sindano, naye bado anakanyaga. Wauza nyanya wakaacha meza zao.

Ghafla Bi Mgeni akaacha kukanyaga. Saksafoni ikanyamaza.

"Sasa wimbo unakwenda wapi?" mwanamke mmoja akauliza.

"Usiniulize mimi, bado sijui," akasema Bi Mgeni, akihema. Mguu wake ulining'inia juu ya pedali, na soko zima lilikuwa likiutazama.