Alama ya Nne

Fundi wa viyoyozi alikuwa juu ya kiti, tepu ya kupimia mkononi, penseli sikioni. Alipotaka kuweka alama ukutani, mkono wake ukasita. Palikuwa na alama nyingine pale pale: mstari mfupi na nukta juu yake. Chini yake kidogo, nyingine. Na nyingine tena, iliyofifia hata uisogelee ndipo uione.

"Weka na yako, zipate ukoo," bibi mgonjwa akasema kutoka kitandani. "Kila joto likianza ukuta huu unapimwa. Nimekuwa kama mtu anayepimwa nguo kila mwaka, na nguo yenyewe haishonwi. Kilichobaki ni kunipimia sanduku."

"Mama, maneno gani hayo," mkwewe akasema, mke wa mwanawe wa pekee.

Mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akimpepea kwa kipande cha boksi gumu kilichochapwa picha ya mlima wa theluji. Theluji ilikwenda na kurudi mbele ya uso wa bibi, lakini upepo wake ulikuwa ule ule wa mle chumbani, umehamishwa tu kutoka huku kwenda kule.

Chumba kilikuwa ghorofa ya tano, ukuta wake mkubwa ukitazama jua la alasiri. Ukiweka kiganja ukutani saa kama hizo, unakiondoa mwenyewe bila kuambiwa. Dirisha lilikuwa moja, nalo halifunguliki, kwa sababu chini yake mashine za majirani zilikuwa zimepangwa kama viota, zikiwapoza wenyewe ndani na kumtemea bibi moto wao nje.

Daktari alikuwa amesema waziwazi. Moyo ule hauvumilii kiangazi kingine. Chumba kipoe, au wajiandae. Alisema hivyo kama mtu anayekwambia unywe maji mengi. Mwanawe bibi aliyasikia, na asubuhi yake akaondoka kwenda kazini kukiwa bado giza.

Fundi akachora mstari mfupi, akatia nukta juu yake. Kisha akashuka. Kiti kile kilikuwa na mguu mmoja msaliti, na hakuna mgeni ambaye hakijamwangusha, lakini fundi alishukia upande uliokuwa mzima, wala hakutazama chini.

"Haya, fundi, tusomee hukumu," mkwe akasema.

Fundi akakaa, akahesabu kwa vidole, sauti ya chini.

"Mashine ya kupoza wakati wa joto na kupasha wakati wa baridi, hata iwe ile ndogo kabisa, ni mshahara wa miezi minne."

"Na ya mtumba?"

"Ya mtumba ni kununua ugonjwa wa mwenzio. Lakini tuseme ya mtumba. Bado bomba la shaba. Bado gesi. Bado chuma cha kubebea ile sehemu ya nje. Halafu nyaya za jengo hili ni za zamani, ukiiwasha tu ghorofa nzima iko gizani, kwa hiyo uvute waya mpya toka kwenye mita kule chini mpaka hapa. Na mwenye jengo anataka chake kabla ukuta haujatobolewa."

"Tundu lenyewe kubwa?"

"Mdomo wa kikombe."

"Basi mwambie nitalinywea chai," bibi akasema.

Mkwe hakucheka. "Na ufundi je?"

"Ufundi sikuuweka kwenye hesabu."

Mkwe akatikisa kichwa taratibu. Hakushukuru. "Na hiyo kampuni yenu ndiyo haikopeshi?"

"Inamkopesha mwenye nyumba. Mpangaji wanasema atahama nayo."

"Nihame nayo niende wapi, mtu mwenyewe siwezi kufika chooni," bibi akasema. Akamgeukia fundi, maana alipenda kusikia habari za nyumba za watu. "Leo umefunga wapi?"

"Pengi, mama. Kwingine ni chumba cha mbwa."

"Cha nani?"

"Mbwa. Ana manyoya mengi, mwenyewe anamwonea huruma. Nilipoiwasha tu, akaja akalala chini yake, akajifunika mkia."

Bibi akacheka. Alicheka mpaka kicheko kikamgeuka, kikawa kutafuta pumzi. Mkwe akatupa boksi akasimama, lakini fundi alikwisha kufika. Akamwinua kwa mkono mmoja, kwa mwingine akasukuma mto chini ya bega la kushoto, pale bibi anapoutaka.

"Polepole, mama. Usiikimbilie, iache ije yenyewe."

Pumzi ikaja, kidogo kidogo, kama maji ya bomba la mgawo.

"Kwa hiyo na mwaka huu haiwezekani," bibi akasema alipoweza.

"Tutaona, mama."

"Kuona nimeona sana."

Fundi akauendea ukuta, akaisugua ile alama mpya kwa kidole gumba. Haikufutika, ilitapakaa tu, ikawa doa. Nje mashine za majirani zilikuwa zikinguruma pamoja, maana watu walikuwa wameanza kurudi makwao.

Naye akavua buti, akazisukuma chini ya kitanda, akatundika shati kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Kisha akaokota kile kipande cha boksi.

"Kajinyooshe kidogo, umeshinda nacho tangu asubuhi," alimwambia mkewe, akakaa pale alipoinuka, akaanza kumpepea mama yake kwa ile theluji.