Ile Gemu Yetu

Teksi ya kwenda Accra ilikuwa imeshawashwa nje, mizigo ya kaka yake imo. Opoku alikuwa bado kakaa mbele ya mashine yao ya gemu.

"Mashine mpya zikitoka usibabaike, ni rangi tu," kaka alisema. "Subiri ile gemu yetu. Tutaianza pamoja."

"Tangu sijaota ndevu wanasema inakuja."

Kaka akachomoa pedi yake ya kuchezea, ile iliyolika pale kidole gumba kinapokaa, akaitia mkobani.

"We! Jana nimekufunga. Anayefungwa huachia pedi."

"Nitaiachia nikirudi, bwana mdogo."

Opoku hakuinuka kumsindikiza.

Gemu ilitoka miaka mingi baadaye. Kaka sasa yuko Hamburg, Ujerumani, ana mke na watoto. Mama alifariki, kaka akatuma pesa za mazishi. Opoku huicheza peke yake dhidi ya mashine, na kila siku anashinda.