Vipuli vya Hayat

"Binti wa kwetu huhama nyumba kwa ndoa," mama yake Hayat alisema, akiutoa mto ndani ya sanduku. "Chuo chenyewe ni mwendo wa treni moja. Utasoma huko, utalala hapa nyumbani, Hounslow."

"Nimeshakubali chumba cha bweni, mama. Leo nahamia."

"Basi nenda. Ila kilichonunuliwa na nyumba hii kitabaki."

Hayat alitoa nguo, akatoa sufuria, akatoa hata kanga mpya, akavipanga kitandani kwa utulivu ambao mama aliuona kuwa ni ujeuri, wala hakukosea.

"Na hivyo vipuli."

Vilikuwa vya dhahabu, alivishwa angali mchanga, na skrubu zake zilikuwa zimeganda kwa miaka. Alijaribu kukizungusha kimoja mpaka ndewe ikavimba.

"Kimekwama. Nivue wewe, uliyenivisha."

Mama alisita, kama aliyetegemea kuwa ugomvi ungeishia hapo. Kisha vidole vyake, vilivyonuka kitunguu thomu, viliibana ile skrubu na kuizungusha kwa nguvu. Kipuli kikatoka na tone la damu.

Hayat aligeuza uso, akampa sikio la pili.