Mguu wa Kisiki

Mguu ule msusi aliujua kuliko alivyoijua miguu yake mwenyewe. Ulikuwa ndani ya simu yake, umevaa kiatu chekundu, na kila mteja aliyeketi kusukwa alitakiwa kuutazama kwanza, mtindo anaoutaka atautaja baadaye.

Video yenyewe ilikuwa fupi. Mwanawe anaruka kufunga kikapu. Mpira unamtoka mkononi. Mchezaji anayemkaba, mkongwe wa timu pinzani wanayemwita Kisiki, anasogeza mguu mbele, pale pale kijana anapotaka kutua. Anatua juu ya kiatu chekundu, goti linakwenda upande usio wake. Hapo msusi aliisimamisha, kwa sababu ule ukelele uliofuata hakuweza kuusikia tena.

"Kakusudia, hakukusudia?"

Nani angebisha, na kichwa chake kimo mikononi mwa msusi? Wote walisema kakusudia. Mwalimu mmoja mstaafu tu ndiye aliyethubutu kusema kwamba pengine jamaa alikuwa akiutazama mpira. Huyo alisukwa kwa kukazwa hadi nyusi zikapanda, akatoka saluni na sura ya mtu aliyeshtuliwa usingizini.

Wateja walicheka, lakini msusi hakuwa anatania. Mtoto alikuwa mmoja, na klabu kubwa zilishaanza kumuulizia. Sasa goti lilikuwa limepasuliwa na kushonwa, na daktari alisema huenda akacheza msimu ujao, akijitahidi na mazoezi. Msusi hakutaka pole ya mtu. Alitaka Kisiki aumie, na alilisema hilo waziwazi mbele ya majirani. Afungiwe, akae nyumbani ahesabu kuta, ajue uchungu wa mchezaji kutazama mechi akiwa amekaa kitako.

Kilichomkera zaidi ni ukimya wa mwanawe. Kijana alishinda ukutani akilikunja na kulikunjua goti, jasho likimchuruzika, kuzidi hata alivyoagizwa na daktari. Ukimtajia Kisiki, anajibu kwamba yatakwisha. Baba yake mtupu, msusi aliwaza. Marehemu alikuwa akikanyagwa, yeye ndiye anayeomba radhi.

Siku ya kamati ya nidhamu, msusi alifunga saluni akaenda. Video ikaonyeshwa ukutani, mara nyingi, mbele na nyuma. Kisiki alikaa ameinamisha kichwa, akasema macho yake yalikuwa kwenye mpira. Mwamuzi wa mechi akasema yeye alikuwa nyuma yao, hakuona vizuri. Wajumbe wakavutana. Mguu uliingia, hilo halina ubishi, lakini nia ya mtu haipigwi picha. Mwishowe mwenyekiti akaeleza kwamba aliyekusudia hufungiwa misimu miwili, kisha akamgeukia aliyeumia. Yeye ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote, aseme.

Kijana akainuka kwa magongo yake. Msusi akaukumbatia mkoba na kungoja.

"Ilikuwa bahati mbaya," kijana akasema. "Tulikuwa tunagombea mpira tu. Na kwa umri wake, mkimfungia misimu miwili mtakuwa mmemzika. Mwacheni acheze."

Mjumbe mmoja alivua miwani akajifuta macho. Mwenyekiti alisema kwa miaka yote aliyokalia kiti kile hajapata kuona moyo wa namna hiyo, akafunga shauri papo hapo. Kisiki alilia, machozi ya kweli, akaja kumshika kijana mkono. Kijana akamuuliza kama timu bado inamhitaji msimu ujao. Akajibiwa ndiyo, msimu mmoja wa mwisho, halafu anastaafu.

"Vizuri," kijana akasema. "Basi ujitunze."

Kisiki akamwendea na mama mtu, akainama, akamwamkia shikamoo. Msusi hakuitikia. Alimpita kama anavyopita nguzo ya umeme.

Walipoingia nyumbani na mlango ukafungwa, ndipo msusi alipofunguka. Alisema amezaa godoro, kila apitaye na alale. Mtu amemvunja, yeye anamwombea kazi! Angevunjwa na goti la pili, bila shaka angemnunulia viatu vipya. Alisema mengine ambayo mama hasemi kwa mwanawe, kisha akalia kwa hasira na kwa aibu, kwa sababu haki ilikuwa mkononi mwao na wameitoa wenyewe bila kuombwa.

Kijana alimwacha amalize. Akaweka magongo kando, akajishusha polepole sakafuni, akaegemea ukuta na kuunyoosha mguu. Akaanza mazoezi yake. Goti lilitetemeka, akauma meno, akaendelea.

Msusi akajifuta uso kwa kiganja, akaketi kwenye kiti mbele yake.

"Hapa hakuna kamati," akasema. "Niambie mimi mama yako. Alifanya makusudi?"

"Makusudi, mama. Alitazama kwanza nitakapotua, ndipo akauweka mguu."

"Unajua hivyo, halafu unakwenda kuwaambia wasimfungie?"

Kijana alilikunja goti, likafika mbali kuliko jana.

"Wakimfungia," akasema, "mimi nitampata wapi?"