Mlango Ulipompokea Kitukuu Wangu

Siku hizi kila mlango wa nyumba unakuuliza mliberali ni nani, na ukijibu tofauti na mwenye nyumba haufunguki. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo jibu la mlango wangu alinichagulia mjukuu wangu Mbonea: mliberali ni anayetaka serikali imwache kila mtu ajitafutie.

Jana dada yake, Nakuzelwa, alikuja kunionyesha mwanawe wa kwanza. Akaujibu mlango kwamba mliberali ni anayetaka serikali imshike mkono asiyejiweza. Mlango haukufunguka.

"We naye, sema kama kaka yako uingie," nikamwambia kutoka ndani.

"Bibi, nidanganye na mtoto mgongoni?"

"Kwani mlango utakusuta?"

Akacheka, lakini hakusema. Kwetu bibi humpokea kitukuu mlangoni kabla mama yake hajaingia, basi nikaomba nipewe huyo mchanga kwanza. Mlango ukafunguka kidogo, maana watoto hawaulizwi. Nikampokea, nikamtemea mate ya baraka kwenye paji. Mlango ukajifunga.

"Karibu," ukasema kwa upole. "Mtoto amepokea jibu la nyumba hii. Hataruhusiwa kukaa na asiyekubaliana nalo."

Nikausukuma, nikaupiga teke.

"Bibi, nirudishie! Hajanyonya!"

"Sema basi, mama! Sema kama kaka yako!"

Safari hii akasema, huku analia. Mlango ukamjibu kwamba unaitambua sauti ya anayedanganya.

Mtoto akaanza kutafuta ziwa kifuani pangu.