Doti Isiyokatwa

Kanga huuzwa mbili zikiwa zimeshikana, na kila mwanamke hukata doti yake, akapinda kingo. Mwanakheri hakuwahi kukata. Alijifunga zote mbili kama zilivyotoka dukani, maana kipande kimoja hakikumzunguka.

Siku zote njaa ilimwita kwa jina. Daktari alimwambia huo si ulafi, ni insulini iliyozidi mwilini, akampa sindano ya homoni ya kutuliza njaa, ya kujichoma tumboni kila wiki. Tangu hapo ile sauti ikawa inafifia, kama redio ya mpita njia.

Asubuhi hii mdogo wake, Saumu, alimfunga doti mpya. Ikamzunguka mpaka kwenye mstari wa kukatia, kisha ikamzunguka tena.

"Dada, nikate?"

Mwanakheri alisikiliza ndani yake. Hakuna aliyemwita. Akaogopa kidogo.

"Na kipande cha pili?"

"Utajitanda."

Hakuwahi kujitanda kanga ya doti ileile aliyojifunga. Akaivua, akauchukua mkasi. Saumu akaitandaza kitandani. Upepo wa dirishani ukaingia chini yake, na mstari ukawa unapanda na kushuka, kama kifua cha mtu aliyelala.