Alama ya Rangi ya Kucha

Siku hizi marehemu nao hualikwa harusini. Kila mjane huja na flashi iliyohifadhi akili ya mumewe, huichomeka kwenye kompyuta ya mwenye shughuli, na wazee hupiga soga weee, wote kwa sauti ile ile ya mashine. Tabu huja wakati wa kuondoka, maana flashi zote ni nyeusi na kompyuta inaziita zote “Diski”. Wenye akili huzitia alama ya rangi ya kucha, kama sufuria za kuazimana. Bi Mwanamkuu hakutia.

Kufika nyumbani, akamchomeka mumewe na kumpa habari za mtaa.

“Ahsante, mke wangu,” mashine ikasema. “Umechoka, pumzika.”

Bi Mwanamkuu akaduwaa, kisha akatabasamu. Marehemu Faki hakuwahi kumshukuru maisha yake yote. Akaichomoa flashi, akaipaka rangi.

Mara hodi. Alikuwa jirani yake Bi Salha, mjane mwenzake.

“Shoga, wangu tangu harusini ananung'unika tu, hata salamu yangu kaikosoa. Hatukubadilishana kweli?”

“Wangu ana alama, shoga,” alijibu, flashi kaifumbata.

Jirani alipokwenda zake, akafumbua kiganja. Rangi mbichi ilikuwa imemtapakaa, nyekundu, kama hina ya biharusi.